Nabaki na majibu mawili afu nachagua lisilo: jibu kwa mdogo wangu wa Manyoni anayerudia mtihani wa leseni

Marahaba mdogo wangu, na mbukwenyi wote hapo Manyoni. Niliweke kwanza swali lako kwa ufupi ili na wenzako wakisoma waelewe tunaongea nini. Umemaliza diploma ya uuguzi na ukunga, umekaa mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga mara mbili na mara zote mbili haujafikisha. Unasema unasoma mpaka saa nane usiku, nondo zipo kichwani, ila ukifika kwenye maswali ya kuchagua unafuta majibu mawili haraka tu, unabaki na mawili yanayofanana, unachagua moja, na ukitoka nje wenzako wanakwambia lilikuwa lile jingine. Umeuliza uongeze vitabu gani.

Usiongeze kitabu hata kimoja kwa sasa. Mtu asiyejua kitu habaki na majibu mawili mdogo wangu, anabaki na manne yote yanamtazama. Wewe kuyafuta mawili haraka maana yake somo unalijua. Unachokosea ni pale mwishoni, na pale mwishoni karibu kila mara majibu yote mawili ni kazi sahihi za muuguzi, yote ungeyafanya wodini, ila moja linafanyika sasa hivi na jingine linafanyika dakika tatu baadae. Wanaotunga wanajua hilo na wanaliweka makusudi. Kwaiyo unavyojiuliza "lipi ni sahihi" unazunguka tu, manake yote ni sahihi. Jiulize hivi: huyu mgonjwa akiharibika dakika tano zijazo ataharibika kwa sababu gani, na mkono wangu unaenda wapi kuizuia?

Nikupe swali nililolitunga mwenyewe, ndilo nawapa vijana wangu wa Jumamosi. Mama wa uzao wa nne kajifungua kawaida saa moja iliyopita. Pedi imelowa chapachapa ndani ya dakika 15. Ukimgusa tumboni mfuko wa uzazi ni laini, uko juu ya kitovu na umeegemea kulia. Muuguzi afanye nini kwanza? (a) Apime presha na mapigo. (b) Amsaidie mama akojoe. (c) Aukande mfuko wa uzazi mpaka ukaze. (d) Amwite daktari.

Hao vijana nakaa nao nyumbani kwangu Nkuhungu jioni, barazani, na unaujua upepo wa Dodoma mwezi wa saba, karatasi tunaziwekea mawe juu zisiende kwa jirani. Binti mmoja nilikuwa namtazama macho yake. Alisoma mstari wa kwanza wa swali, macho yakaruka mpaka kwenye majibu, yakarudi juu, yakashuka tena, na penseli ilishazungushia (a) kabla hajafika kwenye "umeegemea kulia". Nikamwekea daftari juu ya yale majibu yote manne, nikamwambia haya niambie kwa Kiswahili, huyu mama ana nini? Akanyamaza kidogo afu akasema anatoka damu sista, na mfuko umelegea. Nikamuuliza, sasa we umesimama pembeni ya kitanda, mkono wako unaenda wapi? Akaunyoosha mkono, akakunja vidole kama ameshika chungwa, akaanza kuzungusha hewani pale. Nikaliondoa daftari. (c) ilikuwa inamsubiri.

Angalia alichokuwa anakosea. Alisomeshwa kwamba muuguzi anapima kwanza ndo anatenda, na ni kweli, ule mpangilio wa kuchunguza, kutambua tatizo, kupanga, kutekeleza na kutathmini ndo uti wa mgongo wa kazi yetu na unakuokoa kwenye maswali mengi sana. Lakini hapa swali lenyewe lilishampimia. Limekwambia pedi imelowa kwa dakika 15, limekwambia mfuko laini, umepewa taarifa zote za kukutosha kuanza. Ukienda kutafuta mashine ya presha damu inaendelea. Kwaiyo kanuni ni hii: kama swali halijakupa dalili za kutosha, jibu la kupima ndo linashinda. Kama limeshakupa dalili na dalili ni za hatari, jibu la kutenda ndo linashinda. Hapo peke yake nimeona watu wakiokota maksi nyingi walizokuwa wanazimwaga.

Na ile (b) ya kukojoa umeiona ilivyo mtego mtamu? Mfuko ukiegemea upande mmoja na ukapanda juu ya kitovu, fikiria kibofu kimejaa, na kibofu kikijaa mfuko haukazi vizuri. Kwaiyo akikojoa ni sahihi kabisa, ila baada ya kuukanda, au mwenzako anamsaidia kukojoa na wewe mkono upo tumboni. Sasa badilisha neno moja tu. Andika "mfuko wa uzazi ni mgumu, uko juu ya kitovu na umeegemea kulia." Jibu linahama, sasa mama akojoe kwanza, manake mfuko umekaza, kinachousukuma ni kibofu. Neno "laini" na neno "mgumu" ndo swali lote. Ndo maana nakwambia funika majibu kwa kiganja, kila swali, hata kama unaona aibu kwenye chumba cha mtihani. Soma swali peke yake mpaka nukta ya mwisho, jijibu kwa Kiswahili chako cha nyumbani, afu ndo ufunue utafute jibu linalofanana na lako.

Kiswahili nimekisema makusudi. Mtihani unakuja kwa Kiingereza na wengi wetu Kiingereza cha darasani tunakisoma kwa macho bila kukisikia. Yale maneno madogo ndo yanaua. Ukiona "first" au "initial" wanataka mpangilio wa kazi. Ukiona "best" wanataka lililo zito kuliko yote, hata kama sio la kwanza kwa muda. Ukiona "except" geuza akili, unatafuta bovu. Na kuna lile la "needs further teaching", hili limeangusha watu wenye akili sana. Mfano, umemfundisha mjamzito mwenye upungufu wa damu namna ya kunywa vidonge vya madini ya chuma, sauti ipi ya mama inaonyesha anahitaji kufundishwa tena? Mmoja anasema choo changu kinaweza kuwa cheusi, mwingine anasema nitameza na juisi ya machungwa, mwingine anasema nitaviweka mbali na watoto, mwingine anasema nitameza asubuhi na chai yangu. Mtu anaona la choo cheusi, linamtisha, analichagua. Kumbe choo cheusi ni kawaida ya hivyo vidonge, na chai ndo inapunguza madini kuingia mwilini. Walitaka kauli yenye makosa. Chora mstari chini ya hilo neno kwa penseli kama karatasi inaruhusu, kama hairuhusu liseme moyoni mara mbili.

Mtoto mchanga nae nimuongelee kidogo manake hapo wakunga wanapoteza sana wakati kazi yenyewe wanaijua. Mtoto kazaliwa, umemkausha, umemsugua mgongo, bado hapumui. Majibu: mpe alama za Apgar (zile za hali ya mtoto akizaliwa) za dakika ya kwanza, msugue tena kwa dakika mbili, anza kumpa hewa kwa begi na maski, mwite daktari wa watoto. Apgar inapimwa dakika ya 1 na ya 5, ndiyo, lakini hakuna mahali imeandikwa umsubirie mtoto asiyepumua mpaka umjumlishie alama. Ile dakika ya kwanza tumeiita dakika ya dhahabu kwenye mafunzo, begi na maski ianze ndani yake. Tena unaona, swali lilishakupimia.

Na salfeti ya magnesia. Mama wa kifafa cha mimba kapata dozi ya kuanzia, saa nne zimepita, unataka kumchoma inayofuata. Anapumua mara 12 kwa dakika, goti ukiligonga haliruki, mkojo wa saa nne ni mililita 60. Kuna jibu la kupima presha tena, kuna la kumpa nusu dozi, kuna la kusubiri daktari wa zamu, na kuna la kuzuia dozi na kuandaa kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipooza salfeti ikizidi. Dalili zote tatu zimekwambia salfeti imezidi mwilini, pumzi iko chini ya 16, goti limelala, mkojo haufiki 30 kwa saa. Zuia, na kalsiamu iwe mkononi, gramu 1 yake ni mililita 10 za ile ya asilimia 10. Nusu dozi ni jibu la mtu anayetaka kupatanisha, na sumu haipatanishwi.

Hapohapo kwenye hesabu za salfeti, usikariri, elewa. Ile ya asilimia 50 kila mililita 1 ina nusu gramu, basi. Ukitaka gramu 5 za kuchoma tako moja ni mililita 10. Ukitaka gramu 4 za mshipani kwa asilimia 20, vuta mililita 8 ongeza maji ya sindano mililita 12, unapata 20, afu unasukuma polepole sio chini ya dakika 5. Mtu akielewa ile nusu gramu hata wageuze namba vipi hatoki nje ya njia. Dripu vilevile: lita 1 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita, unafanya 1000 mara 20 gawanya kwa dakika 480, inakuja 41.67, unaweka matone 42. Andika dakika, usiandike saa, wengi wanaogawanya kwa 8 wanapata namba kubwa ya ajabu na kwa bahati mbaya hiyo namba nayo ipo kwenye majibu, imewekwa kwa ajili yao.

Zile herufi A, B, C za njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu unazijua sirudii, na ile ngazi ya Maslow ya mwaka 1943 pia, mahitaji ya mwili kabla ya mapenzi na heshima. Ila ziwe taa, zisiwe sheria. Mtu mzima aliyeanguka hana mapigo tunaanza na kukandamiza kifua, utaratibu uligeuzwa mwaka 2010 na bado naona watu wanajibu njia ya hewa kwa mazoea. Na kwenye maswali ya wagonjwa wanne nani umuone kwanza, tafuta aliyebadilika, usimtafute anayepiga kelele. Mgonjwa wa upasuaji wa jana anaumwa kidonda, ilitarajiwa. Mzee wa kifua kikuu anakohoa makohozi, ilitarajiwa. Wa kisukari sukari yake 9, tutamuona. Mtoto wa pumu ambae kifua kilikuwa kinapiga filimbi na sasa kimenyamaza na ameanza kusinzia, huyo kimbia! Kunyamaza kule mtu anadhani dawa imefanya kazi, kumbe hewa haipiti tena na mtoto amechoka kuipigania. Hili naomba ulishike hata baada ya mtihani, mtihani ni siku moja ila hao watoto utakutana nao miaka yote.

Sasa kwa nini watu wenye uzoefu wa wodini wanaanguka? Hili linaniuma kwa sababu mara nyingi ndo wale wachapakazi. Ni kwamba wanajibu kwa wodi yao. Kule ulikofanyia mafunzo kwa vitendo ulikuwa peke yako na wagonjwa 30, oksijeni inatoka chumba cha pili, glavu za kuhesabu, ukazoea njia zako za kuokoa maisha na nakuheshimu kwa hizo. Lakini ndani ya swali vifaa vyote vipo, mgonjwa ni huyo mmoja, muda upo. Usijiambie "ah sisi huku tungemwita tu daktari." Jibu la kumwita daktari linakuwa sahihi pale ambapo kwenye orodha hamna kitu cha usalama ambacho mkono wako unaweza kufanya kabla. Mgonjwa anaongezewa damu akaanza kutetemeka na mgongo unamuuma, unasimamisha damu kwanza, mshipa unauacha wazi na maji ya chumvi, afu daktari. Ukimwita daktari damu bado inatiririka umempigia simu mtu wakati nyumba inaungua na kiberiti umekishika wewe.

Umesema pia unafanyia mazoezi kwenye simu maswali ya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani. Mazuri, yanafundisha kufikiri kuliko mengi niliyoyaona, ila chuja. Sukari yao wanaandika kwa miligramu kwa desilita, gawanya kwa 18 upate millimoli unazozijua, kwaiyo 72 yao ni 4 yako, usije ukaona 72 ukaita gari la wagonjwa. Joto lao Farenhaiti, uzito wao paundi, gawanya kwa 2.2. Acetaminophen ni paracetamol yetu, epinephrine ni adrenaline, albuterol ni salbutamol. Maswali ya kugawa kazi kwa wasaidizi yaruke yale ya vyeo vyao, chukua wazo tu kwamba kupima hali ya mgonjwa, kumfundisha na kutathmini ni kazi ya muuguzi, haumpi mhudumu. Na mbinu zao za muda sio zako, kule kompyuta inapanga swali linalofuata kutokana na ulivyojibu, maswali kuanzia 85 mpaka 150, na ukishajibu haurudi. Wewe ukiwa unaruhusiwa kurudi, rudi. Swali linalokula zaidi ya dakika mbili liwekee alama songa mbele.

Afya ya akili watu wanaidharau afu inawatoa. Sisi huku tuna Mirembe jirani, hospitali ya magonjwa ya akili, waliopita pale wananielewa. Mgonjwa akisema sioni sababu ya kuishi, jibu la "usiseme hivyo, una watoto wazuri" linasikika la upole na ni baya, umemfunga mdomo. Jibu la "kwa nini unafikiri hivyo" linamhoji kama polisi. Unamuuliza moja kwa moja kama anafikiria kujiua na kama ana mpango. Kuuliza hakumpi wazo, kunampa nafasi ya kusema. Kwenye maswali yote ya mazungumzo futa linaloanza na kumtuliza haraka, futa la ushauri wa "mimi ningekuwa wewe", chagua linalomwacha aongee au linalomlinda.

Kuhusu kubahatisha: ile ya "ukishindwa weka C" iache. Majibu mawili yakiwa yanapingana kabisa, mara nyingi moja kati yake ndilo, anzia hapo. Jibu lenye "kila mara" au "kamwe" litilie shaka, usilifute tu kwa kuliona, manake kuna mambo ya kila mara kweli, kama kumtambua mgonjwa kabla ya dawa. Kubadilisha jibu badilisha tu kama unaweza kuonyesha kwa kidole neno ulilokuwa umelisoma vibaya, ukibadilisha kwa wasiwasi ndo hapo unapochagua lisilo. Na kama maelekezo hayasemi wanakata maksi kwa kukosea, usiache wazi hata moja.

Hizi wiki zilizobaki fanya hivi. Maswali 30 kwa siku, asubuhi, sio saa nane usiku. Kila ulilokosa liandike kwenye daftari la peke yake na mbele yake sababu moja kati ya nne: sikujua, nilisoma vibaya, nilikosea mpangilio, hesabu. Ukiandika "nilisoma vibaya" nakili na lile neno lililokupita. Baada ya siku kumi utaona sababu moja inajirudia kuliko nyingine, mi nadhani yako itakuwa mpangilio, ila tusibashiri, daftari litasema. Kama ni "sikujua" ndo sasa ufungue kitabu, ukurasa huo tu.

Na usilisikilize lile la mtu kukuambia njoo uhudumie wagonjwa kwenye zahanati yangu huku unasubiri matokeo. Bila usajili na leseni Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 haikuruhusu, na mgonjwa akidhurika hapo utakuwa peke yako. Kufeli mara mbili hakujakuondolea kitu, kazi kama hiyo inaweza.

Usisafiri asubuhi ya mtihani. Njoo siku moja kabla, lala kwa ndugu, kama hauna ndugu huku niambie tutapata pa kulala kwa mmoja wa mabinti wa Jumamosi. Jioni hiyo usifungue swali jipya, pitia daftari la makosa tu mara moja, ule, ulale. Na baada ya hizo siku kumi nipigie picha zile kurasa za daftari unitumie, hata kama mwandiko ni mbaya, nataka kuona safu ya sababu kabla hatujaongea tena.